Jinsi ya kukaa kikao cha kukumbushana tamthilia za zamani bila kugombana

Wapenzi wa tamthilia za kizamani sogeeni hapa. Mwenzenu nipo Mtwara, Chikongola, na kila baada ya wiki kadhaa tunakaa barazani kwa mama mkubwa tunakumbushana The Bold and the Beautiful, ile tamthilia ya Kimarekani ya matajiri wa mitindo ya nguo, tumeshakaa sana na tumeshanuniana sana kiasi kwamba naona sasa naweza kuwaelekeza na wengine. Maana watu wanadhani ni kukaa tu na kuanza kupiga stori, thubutu, nusu saa tu mtu kashachukua kanga yake anaondoka.

Cha kwanza mjue hivi: huku kusini hakuna mtu aliyeiona yote. Hakuna. Umeme wetu enzi zile ulikuwa wa majenereta ya dizeli, gesi ya Mnazi Bay bado haijaanza kutuwashia taa, kwa hiyo Ridge, yule kijana wa ukoo wa Forrester, anafungua mdomo amwambie mpenzi wake Brooke neno, pap, giza, unarudi nyumbani unapapasa ukuta. Ukija kuona tena ni siku tatu mbele, Brooke analia na hujui analilia nini. Afu TV yenyewe chogo moja mtaa mzima, ikikamata vizuri ni bahati, isipokamata ni chenga tupu unasikiliza sauti kama redio. Waliokaa ndani kwenye mkeka waliona sura, sisi wa dirishani tuliona kisogo cha mtu na nusu ya Stephanie, mama yake Ridge. Kwa hiyo kila mtu ana kipande chake na kazi ya kikao ni kuunga hivyo vipande. Ukilielewa hilo ugomvi nusu umeisha.

Watu wawe watano mpaka saba, wakizidi hapo inakuwa shughuli. Hakikisha yupo mmoja aliyekulia Dar, maana hao waliona kwa mfululizo na wana kiburi lakini wanafaa, na yupo mmoja aliyekuwa anasimuliwa tu. Huyu wa kusimuliwa msimdharau! Mama mkubwa hakuwa anaona, alikuwa anakaanga mihogo nje, sisi tukitoka tunamsimulia, leo ndiye anayekumbuka kuliko wote kwa sababu alikuwa anaisikia stori ileile kutoka kwa watoto wanne na kila mtoto na lake. Wifi yangu yupo Lindi, Mikumbi, yeye tunampigia simu tunaiweka spika juu ya stuli, naye ana kiti chake kama wengine.

Muda uwe baada ya alasiri. Msimu wa korosho usiite mtu, kuanzia mwezi wa kumi watu akili zote ziko mnadani, mtakaa wawili na paka. Cha kutafuna kiwepo, sisi huwa ni ming'oko, vile viazi pori vya huku kusini, ya kuchemsha na chumvi, chai ya tangawizi na korosho zile zilizovunjika maana nzima ni za kuuza. Usipike kitu cha kukufanya ukae jikoni, utakosa utamu.

Haya sasa. Chagua tamthilia MOJA. Hapa ndo wengi wanaharibu, mmoja anaanza Days of Our Lives mwingine anadakia Isidingo, dakika kumi mbele Marlena wa Days kaingiwa na shetani katikati ya harusi ya Ridge na hakuna anayejua yuko mji gani. Siku ya Bold ni Bold. Ya wengine yana siku yake.

Anza na muziki wa mwanzo, ule wenye saksafoni. Usianze na maswali. Weka ile nyimbo kwenye simu, acha ipigwe mpaka mwisho, nyamazeni, utashangaa watu wazima wanavyoangalia chini. Mimi ile saksafoni ikianza nasikia harufu ya dawa ya mbu ya kuchoma na nasikia mama ananiita dirishani kwa watu. Baada ya hapo kila mtu aseme alikuwa anaangalia wapi na amekaa na nani, usiulize bado habari za nani kamuoa nani, uliza walikuwa wamekaa wapi. Mtu akishakumbuka mkeka anakumbuka na kilichokuwa kinaonyeshwa.

Halafu chora ukoo. Chukua kalenda ya mwaka jana igeuze nyuma, ibandike ukutani. Juu kushoto weka Forrester, yaani Eric na Stephanie na watoto wao, kulia weka Logan, kwao Brooke, chini weka Sally Spectra na duka lake la kuiga nguo za watu. Ndoa mstari mzima, kuachana mstari wa kukatakata. Nawaonya, kwa Brooke acheni nafasi kubwa. Kamzalia Eric watoto wawili, Rick na Bridget, akaolewa na Ridge mtoto wa Eric, wakaachana wakarudiana hata vidole havitoshi, akaolewa na Thorne mdogo wake Ridge, afu akaja kuzaa Hope na Deacon ambaye ni mume wa Bridget, binti yake wa kumzaa. Mkwe wake jamani! Tulipofika hapo mama mkubwa alisimama akaenda kuchukua maji akarudi akasema "chora tena nione". Na Ridge mwenyewe mwaka 2001 ikagundulika si damu ya Eric, ni wa Massimo Marone, sasa kama kalenda yako ni ndogo ujue hapo unabandika ya pili.

Hapohapo kwa Massimo pana raha ya peke yake. Lazima mtu atasema huyu mzee mimi namjua, nimemuona wapi. Umemuona Days of Our Lives, ndiye Stefano DiMera yule adui asiyekufa, jina lake Joseph Mascolo. Mwingine ni yule mwana wa mfalme wa Morocco, Omar, aliyemuokota Taylor, mke wa Ridge, wakati wote wanajua kafa kwenye ajali ya ndege, Ridge huku kashamuoa Brooke. Tulipoweka picha yake, mama mkubwa hata hakumaliza kuangalia, "huyu si ndiye aliyemsukumia Rekha kwa mamba!" Tukacheka, tukamwambia unachanganya na mkanda wa Kihindi. Tukaangalia, kumbe kweli, ni Kabir Bedi, ndiye yule mume mbaya wa Khoon Bhari Maang ya 1988. Kwa hiyo kanuni yetu siku hizi, mtu akisema sura anaijua usibishe mpaka utafute. Na Taylor alikuja kufa tena, Sheila, yule nesi mbaya, kampiga risasi, miaka ikapita akarudi, kumbe Omar yuleyule kamuokoa mara ya pili. Huyo mwanaume mimi namtetea hadharani, watu wanamuona Ridge ndo steling lakini kazi kafanya Omar.

Sasa tuje kwenye waigizaji maana hapa ndo kanga zinapochukuliwa. Mmoja anasema Thorne alikuwa na nywele za hivi, mwingine anasema muongo wewe, Thorne alikuwa hivi. Wote wakweli. Thorne kaigizwa na Clayton Norcross, akaja Jeff Trachta, akaja Winsor Harmon, kwa hiyo uliza kwanza ulikuwa unaangalia mwaka gani ndo useme mtu muongo. Hizi tamthilia zinatoka kila siku ya kazi, Jumatatu mpaka Ijumaa, muigizaji akiondoka hawawezi kusimama kumsubiri, wanaweka mwingine na sauti inatangaza tu kwamba fulani leo anaigizwa na fulani, maisha yanaendelea. Sisi yale matangazo yalitupita maana ama umeme ulikatika ama Kiingereza kilitupita, ndo maana tukawa tunaulizana huyu mgeni mbona analala chumbani kwa Thorne.

Hata Ridge. Ronn Moss, yule wa kidevu, kaigiza toka kipande cha kwanza tarehe 23 Machi 1987 mpaka 2012 akaondoka, mwishoni mwa 2013 akaja Thorsten Kaye ndo Ridge mpaka sasa. Wifi hamtambui kabisa huyu wa pili, anamwita "yule mpangaji". Wasiobadilika ni Katherine Kelly Lang ndo Brooke na John McCook ndo Eric, hao wapo toka siku ya kwanza, vipande vimeshapita 9,000. Na ukitaka kuwashangaza watu barazani wawekee nyimbo ya Baby Come Back ya bendi ya Player, iliongoza Marekani mwanzoni mwa 1978, waulize nani anapiga gitaa la besi. Ni Ridge! Kabla hajawa Ridge.

Kitu kingine, usimuite mtu marehemu hujahakikisha. Kuna siku tulimuombea Susan Flannery mpaka mtu kafuta machozi, kumbe aliyekufa ni Stephanie kwenye mchezo, mwaka 2012, kafia mikononi kwa Brooke aliyekuwa anampiga vijembe miaka ishirini na tano, mwigizaji mwenyewe aliacha kazi tu. Wa kweli waliotangulia ni kama Darlene Conley ndo Sally Spectra, Januari 2007, na huyo Mascolo, Desemba 2016. Hao waombeeni.

Kutafuta vipande mtandaoni nako kuna ufundi wake. Ukiandika Taylor peke yake utaletewa watu wote duniani wanaoitwa Taylor. Andika jina la mhusika, jina la tamthilia na mwaka, mfano Sheila, The Bold and the Beautiful, 1992, hapo ndo anaingia Los Angeles akitokea kwenye tamthilia nyingine ya The Young and the Restless ambako walimuona kafa kwenye moto. Fanya hiyo kazi usiku wa jana yake kwa bando la usiku, vihifadhi kwenye simu, usije ukaanza kutafuta mbele za watu duara linazunguka. Na usishtuke Ridge akiongea Kitaliano, Italia wanaipenda sana na vipande vingi vilivyowekwa ni vya kwao, wao wanaiita Beautiful tu. Sisi tuliangalia kimoja cha Kitaliano mpaka mwisho, kuelewa tulielewa vilevile kama zamani, yaani kwa macho.

Kama wamekuja vijana watauliza kwa nini tamthilia hizi Wazungu wanaziita soap opera, yaani za sabuni. Wajibu kwa kifupi, Marekani miaka ya 1930 zilikuwa za redioni, mchana, mama yuko nyumbani anafua, na waliokuwa wanalipia matangazo ni kampuni za sabuni kama Procter & Gamble. Guiding Light ilianza redioni 1937 ikaenda TV 1952 ikaisha 2009, hesabu mwenyewe. Basi usiendelee, wataanza kushika simu.

Ubishi usioisha msipige kura. Andikeni kwenye daftari. Sisi tulikuwa na ubishi wa kifo cha Macy, binti wa Sally Spectra aliyeolewa na Thorne, mama mkubwa anasema gari lilivaana na lori la mafuta likalipuka, wifi kwenye spika anapiga kelele toka Lindi kwamba hapana, ni taa kubwa ya darini ilimuangukia, ikafika mahali wifi akakata simu. Tukaandika kwenye daftari tukaacha. Wiki ya pili binti yangu katafuta, kumbe kafa mara zote mbili, kalipuka na gari akarudi mzima, ndo ikaja hiyo taa. Mama mkubwa aliona cha kwanza kabla hajahamia Newala, wifi kaona cha pili, miaka yote kila mmoja ana kifo chake na anamuona mwenzie hana akili.

Kuvunja kikao, vunja kabla ya magharibi, kalenda ikunjwe isitupwe, sahani ya ming'oko irudi kwa mwenyewe. Simu usizime. Kuna atakayekumbuka akiwa kitandani, ndivyo kichwa kilivyo, wifi yangu alinipigia saa tano usiku, mume wangu pembeni anasonya, naye hana hata salamu, "wifi, yule aliyekuwa anakaa na Macy ni Thorne wa pili, yule wa kuimba, andika kwenye daftari." Ikiita pokea.