Zuia njia ya panya kabla mahindi hayajaingia ndani

Wakulima wengi hukumbuka panya mahindi yakiwa tayari ndani, ndipo hukimbilia dukani kununua sumu. Anza mapema, wakati mahindi bado yanakauka shambani, na uanze kwa kutazama anapita wapi. Panya wa darini, yule mwembamba mwenye mkia mrefu kuliko kiwiliwili, ni fundi wa kukwea. Hupanda ukuta wa tofali usiopigwa plasta, nguzo ya mti, bomba, hata waya wa umeme. Akiruka kutoka ardhini hufika karibu sentimita 75 juu, na kwa upande huvuka zaidi ya mita 1.

Vipimo hivyo ndivyo vya kujengea kihenge, yaani ghala la nafaka lenye miguu. Sakafu yake iinuke mita 1 au zaidi, na kila mguu uvishwe koni ya bati, mdomo ukitazama chini. Koni itokeze sentimita 25 kuzunguka mguu mzima na ibane vizuri, kwa kuwa mwanya wa kupitisha kidole tu unamtosha panya mchanga. Ifungwe juu kabisa, karibu na sakafu ya kihenge. Nimeona nyingi zimefungwa usawa wa goti, na inasikitisha, maana fedha ya bati imekwenda bure: panya huiruka akashika mguu juu yake.

Halafu kuna ngazi. Mama anapanda kuchota debe moja la mahindi, anashuka, ngazi inabaki pale pale hadi kesho. Usiku huo koni zote nne hazina kazi. Iondoe kila mara, uilaze chini. Jembe, fito na baiskeli visiegemezwe kwenye kihenge, na tawi lolote lililo ndani ya mita 2 likatwe.

Anayehifadhi gunia ndani ya nyumba atazame juu, pale ukuta unapokutana na bati. Nafasi kati ya mtambaapanya na bati ndiyo mlango wao mkuu. Zibeni kwa saruji au wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Matambara na mbao watayatafuna. Hujui wanakopita? Nyunyiza majivu laini juu ya ukuta na kwenye madirisha jioni, asubuhi utasoma nyayo. Tafuta pia michirizi myeusi yenye mafuta, ambayo manyoya yao huiacha kwenye boriti wanazopita kila siku.

Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri sana kwa dumuzi na fukusi, lakini panya huitoboa, na ikishatoboka hewa inaingia na wadudu wanarudi. Ipange juu ya chaga, mbali na ukuta. Mwenye uwezo anunue kihenge cha chuma.

Sumu iwe ya mwisho, na iwekwe mahali watoto, kuku na paka hawafiki. Bundi akila panya mwenye sumu naye huweza kufa, na mmoja wa wawindaji wako anakuwa ametoweka. Mzoga usishikwe kwa mkono mtupu: mkojo wa panya hubeba homa ya leptospira, na viroboto wake ndio walioeneza tauni kule Lushoto, Tanzania, kuanzia 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, uufukie mzoga kwa kina, kisha unawe kwa sabuni.