Kupanga Chumba na Sebule Tabora kwa Kodi Unayoimudu

Kabla hujampigia dalali, piga hesabu ya siku ya kuingia. Wenye nyumba wengi Tabora Mjini hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali huchukua ya mwezi mmoja. Nyumba ya shilingi 100,000 kwa mwezi ukidaiwa miezi sita inataka 700,000, na hapo bado hujakodi kirikuu cha kuhamishia vyombo. Mwenye 400,000 asikimbilie nyumba mbovu. Kwanza atafute mwenye nyumba anayepokea miezi mitatu, maana wapo, na aombe hivyo mapema, kabla ya kubishania kiwango.

Kodi ndogo pembeni ya mji inaweza kuliwa na usafiri. Ukilipa bodaboda 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, siku 24 za kazi ni 48,000 kwa mwezi. Nyumba ya Ipuli iliyo nafuu kwa 30,000 kuliko ya Kanyenye au Gongoni itakuwa imekutia hasara kama kazi yako ni sokoni. Mwenye baiskeli hesabu yake ni nyingine, kwa kuwa mji ni tambarare.

Chagua mitaa miwili au mitatu, kisha uizungukie kwa miguu asubuhi. Uliza kwenye genge, saluni na kijiwe cha bodaboda, halafu kwa mjumbe. Hao hujua nani anahama mwisho wa mwezi, na ukimfikia mwenye nyumba kupitia kwao unaokoa pesa ya udalali. Ukimtumia dalali, mkubaliane mapema kwamba hela yake utaitoa baada ya kusaini mkataba na kushika funguo. Pesa ya kuonyeshwa nyumba iwe ndogo na mtaje kiasi kabla hamjaondoka. Vyuo vikifunguliwa, Oktoba na Novemba, vyumba hugombaniwa na bei hupanda. Julai hadi Septemba una nafasi ya kuomba upunguziwe.

Kiangazi pia ndicho kinachoumbua maji. Usitosheke na kuliona bomba. Lifungue, kisha muulize mpangaji wa jirani, mwenye nyumba akiwa mbali, maji hutoka siku zipi na saa ngapi. Kama ni mgawo, uliza kama kuna simtanki na nani analijaza. Mvua za Novemba hadi Aprili utazisoma darini: madoa ya kahawia yaliyojichora kama ramani ni bati linalovuja, na rangi mpya iliyopakwa sehemu moja tu imeficha kitu. Gonga fremu za milango karibu na sakafu. Zikitoa mlio wa uwazi au ukiona vijinjia vya udongo, mchwa wameshaingia, na kabati lako litafuata. Kwa choo cha ndani, mwaga ndoo nzima ya maji. Yakishuka polepole yakigugumia, huenda shimo limejaa. Andikeni nani atalipia gari la kunyonya.

Umeme ndio unaogombanisha wapangaji kuliko kitu kingine. Ukiweza, chukua nyumba yenye LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ya kwako peke yako. Mita ya matumizi madogo hutozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi za serikali, lakini mwisho ni uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi hutozwa zaidi ya mara tatu. Familia tatu kwenye mita moja, kila moja ikitumia uniti 30, zinafika 90, na hata asiye na friji analipia bei ya juu. Kabla hujatoa kodi ya pango, nunua umeme wa 5,000 kwa namba ya mita ile na usome ujumbe vizuri. Kama mita ina deni, utaona limekatwa humo. Utaona pia kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ghorofa. Hiyo ni ya mwenye nyumba. Kwa mwaka ni 18,000, hivyo omba ipunguzwe kwenye kodi yako ya pango na iandikwe. Ni haki yako, usione aibu kuitaja.

Penye utapeli mkubwa ni umiliki. Mpangaji anayehama anaweza kujifanya mwenye nyumba, akachukua kodi ya watu watatu kwa chumba kimoja. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukaulize nyumba ni ya nani, na mkataba usainiwe mbele ya mwenyekiti au mtendaji. Kama anayepokea pesa ni ndugu au msimamizi, zungumza na mwenyewe kwa simu na umwombe barua. Lipa kwa benki au simu, jina linalotokea lilingane na la mkatabani. Ukilipa taslimu, dai risiti hapo hapo.

Mkataba utaje kiasi, tarehe ya kuanza na kuisha, muda wa taarifa ya kuhama, kodi kutopanda katikati ya kipindi, na nani anatengeneza nini. Siku ya kukabidhiwa, piga picha kila chumba, andika namba zinazosomeka kwenye mita ya maji na LUKU, nyote wawili msaini, kisha badilisha kitasa cha mlango wa nje kabla hujalala humo.