Somo: Kuandaa kipindi cha Kiingereza ambamo wanafunzi ndio wanaozungumza, na kuandika tafakuri yenye faida

Kila muhula unapofunguliwa, ombi ninaloletewa na walimu wa kundi letu ni lile lile: “Mwalimu, naomba maandalio ya somo la kuzungumza, Gredi ya 5.” Nimeyatuma kwa wengi, na wengi wao hurudi wiki inayofuata kuniambia kwamba hayakufaa. Hayangeweza kufaa, kwa sababu yaliandikwa kwa ajili ya watoto wa Amu, yaani mji wa Lamu, ambao maisha yao ni boti na punda, ilhali mwombaji yuko Mpeketoni ambako mtoto hajui habari za maji kujaa na kupwa. Kwa hivyo ninaieleza hapa njia yenyewe, ili kila mwalimu aandae kipindi chake, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza huku.

Hatua ya 1. Chukua mada na mada ndogo kutoka kwenye azimio lako la kazi.

Hatua ya 2. Andika matokeo yanayotarajiwa kwa kitendo unachoweza kukisikia kwa masikio yako. “Mwanafunzi ajue wakati uliopo” hakisikiki. “Mwanafunzi aweze kuuliza na kueleza saa ya boti kuondoka” kinasikika, na mwisho wa kipindi utajua kama kimetendeka. Dell Hymes, mwanaisimu wa Marekani, alieleza katika makala yaliyochapishwa mwaka wa 1972 kwamba kuijua lugha si kuunda sentensi sahihi tu, bali pia ni kujua la kusema, wa kuambiwa na mahali pa kulisemea. Ufundishaji wa mawasiliano ulijengwa kwa sehemu kubwa juu ya fikra hiyo, na hata mtaala wetu wa umilisi (CBC) hapa Kenya umeweka mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi.

Hatua ya 3. Tengeneza pengo la habari. Hapa ndipo vipindi vingi huharibikia, nami ninaomba isomwe mara mbili. Pengo la habari maana yake ni kwamba mwanafunzi mmoja ana jambo ambalo mwenzake hana, na mwenzake analihitaji ili amalize kazi. Bila pengo hilo, mazungumzo ya wawili wawili ni kukariri kwa sauti. Mtoto aliyekaa dawati moja na jirani yake tangu Gredi ya 1 hana haja ya kumwuliza “What is your name?”, naye anajua kwamba hana haja hiyo, ndiyo maana sauti yake hufifia.

Mfano ninaoutumia ni huu. Kadi ya A ina boti mbili za kwenda Mtangawanda, gati la kisiwa cha Pate, moja inaondoka 7:00 asubuhi na nyingine 10:30, pamoja na nauli ya kila moja. Kadi ya B ina mama mmoja anayesafiri na magunia yake, fedha alizo nazo, na saa ambayo maji yatajaa, yaani 11:00. Watoto wa hapa wanajua kwamba chombo kikubwa kinachopita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, hungoja maji yajae. Kwa hivyo A hawezi kuchagua boti bila B, na B hawezi kuchagua bila A. Wakimaliza kuulizana, waandike sentensi moja: mama apande boti ipi, na kwa nini.

Tahadhari ni tatu. Kwanza, usiwaache waonyeshane kadi, kwa maana mtoto mwerevu atanyoosha mkono, asome kadi ya mwenzake na kumaliza kazi bila kutamka neno; waketi wakipeana mgongo. Pili, hakikisha kuna uamuzi mwishoni. Kazi ya kujaza nafasi pekee huisha kwa “Yes” na “No”, lakini uamuzi hudai “because”. Tatu, usiweke kwenye kadi msamiati mpya zaidi ya maneno matatu au manne, kwa sababu mtoto anayepambana na maneno hana nafasi ya kupambana na mwenzake.

Hatua ya 4. Gawa dakika 35 hivi: 5 za utangulizi, 8 za lugha watakayoihitaji, 15 za kazi ya wawili wawili, 7 za kurudi pamoja. Muda ukibana, punguza utangulizi, usiguse zile 15.

Hatua ya 5. Usieleze kazi kwa maneno. Mwite mwanafunzi mmoja mbele mlionyeshe darasa jinsi inavyofanyika.

Hatua ya 6. Wanapozungumza, pita kati yao na karatasi mkononi, uandike unayoyasikia, wala usimkatize mtu. Kuna kosa linalozuia ujumbe na kuna kosa lisilouzuia. Mtoto akimwita mama wa kwenye kadi “he”, mwenzake bado anaelewa, basi liandike usubiri. Ujumbe ukipotea kabisa, chuchumaa karibu nao, uwaulize swali litakalowarudisha. Mtakaporudi pamoja, uliza kisha nyamaza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi hungoja sekunde moja hivi baada ya swali, na kwamba wakingoja 3 au zaidi majibu huwa marefu na wanafunzi wengi zaidi hujitokeza. Sekunde tatu za kimya ni ndefu kwa mwalimu aliyesimama mbele ya darasa. Zivumilie.

Hatua ya 7. Andika tafakuri siku hiyo hiyo, kabla ya kuondoka shuleni. Donald Schön mwaka wa 1983 alitofautisha kutafakari katikati ya kazi na kutafakari baada ya kazi. Karatasi yako ya Hatua ya 6 ndiyo inayounganisha mambo hayo mawili. Sehemu ya tafakuri iliyo chini ya maandalio hujazwa “Somo lilifaulu” kuanzia Januari hadi Novemba, na maneno hayo hayamfundishi mtu kitu. Andika mambo matatu: maneno halisi ya mwanafunzi mmoja, ulichofanya wewe uliposikia, na utakachobadilisha kipindi kijacho.

Tafakuri yangu moja inasema hivi: “Mwanafunzi wa dirishani alisoma 7:00 akatamka ‘The boat leaves at one o’clock.’ Mwenzake akaandika 1:00, wakachagua boti isiyofaa. Sarufi ya sentensi ilikuwa sahihi. Nilimwuliza kama jua limechomoza au limeshapita utosini, akajisahihisha. Kipindi kijacho: saa ya mishale ubaoni kabla ya kugawa kadi.” Ni sentensi chache, na kipindi kilichofuata kilizaliwa humo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mgeni wa Mokowe: Mwalimu, shukrani. Tafadhali nitumie yaliyo tayari ya Gredi ya 5, nina ukaguzi kesho.

Jibu: Soma aya ya kwanza, kisha Hatua ya 3. Usiku mmoja unatosha kutengeneza kadi mbili.

Mwalimu wa Faza: Nina watoto zaidi ya sitini na hakuna mashine ya kunakili. Kadi nitazipata vipi?

Jibu: Swali zuri sana, Mwalimu, na lina dawa. Andika habari za A ubaoni, na habari za B kwenye karatasi kubwa uliyoibandika ukuta wa nyuma. Nusu ya darasa wakae wakiutazama ubao, nusu wageuke watazame nyuma, kila mmoja bega kwa bega na mwenziwe. Hakuna kadi hata moja, na pengo lipo. Kuhusu kelele, mweleze mapema mwalimu wa darasa jirani, kisha uwazoeshe watoto ishara ya mkono ya kunyamaza, kwa sababu sauti yako haitazishinda sitini zao.

Bin Baraza: Haya ni mapya ya wazungu. Tathmini ya Gredi ya 6 inauliza sarufi kwa maandishi, haiulizi habari za boti. Mnapoteza muda wa watoto.

Jibu: Hatua ya 4 ina dakika 8 za lugha, na sarufi inakaa humo. Sikuandika popote kwamba isifundishwe. Ninachokataa ni mtoto kujaza “leaves” kwenye nafasi mara ishirini na kushindwa kulitumia anapoulizwa na mtu gatini. Ukipinga, pinga nilichokiandika.

Bin Baraza: Na muda wa kusahihisha makosa yote utautoa wapi?

Jibu: Sisahihishi yote. Hatua ya 6.

Bi Mwalimu wa Matondoni: Watoto wangu wakigeuka tu, wanarudi kwenye Kiswahili. Mwenzangu ananishauri nitoe adhabu kwa atakayesikika. Wewe waonaje?

Jibu: Bi Mwalimu, adhabu usiitoe. Mtoto anayeogopa Kiswahili chake hatazungumza Kiingereza zaidi. Atanyamaza kwa lugha zote mbili. Mimi huligawa jambo hili hivi: kufikiri na kujadili uamuzi kwa Kiswahili ni ruhusa, lakini habari iliyo kwenye kadi ivuke kwa Kiingereza. Tena angalia kwanza kama umewapa nyenzo. Mara nyingi wanarudi kwenye Kiswahili kwa sababu hawana maneno ya kuendeshea mazungumzo. Bandika ukutani sentensi tatu, “Say it again, please”, “What do you mean?” na “I don’t think so, because…”, uwazoeshe kwa dakika chache, kisha usikilize tena wiki hiyo hiyo. Nitafurahi sana ukirudi kutueleza ulichosikia.

Bi Mwalimu wa Matondoni: Ahsante. Nimeona pia kwamba wasichana wawili waliokuwa kimya walizungumza nilipowaweka pamoja, badala ya kumweka kila mmoja na mvulana.

Jibu: Hiyo ndiyo tafakuri. Iandike na tarehe, na baada ya wiki chache ujaribu tena jozi mchanganyiko uone kama wamejenga ujasiri.

Fundi wa Kadi: Nyongeza ndogo kwa wenye kadi. Karatasi hulegea kwa unyevu wa bahari. Katoni za dukani zikikatwa na kufunikwa kwa selotepu hudumu muhula mzima.

Mwalimu wa Faza: Nami nina nyongeza. Saa ya maji kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Nikiifuta saa hiyo tu ukutani nikaandika ya kesho, watoto watalazimika kuamua upya, na majibu ya jana hayatawasaidia.

Jibu: Naichukua, Mwalimu. Nitaijaribu Jumatatu na darasa langu, halafu nitaiongeza kwenye Hatua ya 3.