Kabla hujachomeka jiko la peleti kwenye dohani ya kuni

Mtu akishang'oa jiko la kuni na kuleta la peleti, yaani vijipande vidogo vya vumbi la mbao lililoshindiliwa, kitu cha kwanza anachokitazama ni dohani. Imesimama pale, haina kazi, na tundu liko wazi. Anajiambia, kwa nini nitoboe ukuta wakati njia ya moshi ninayo? Nilijiambia hivyohivyo. Dohani hiyo inaweza kufaa, na kuna nyumba ambazo inafaa kuliko kutoboa ukuta. Lakini si kwa kuchomeka bomba na kuwasha. Soma haya kabla hujampa fundi hata senti.

Kibali na bima, uliza mapema. Bima ikikataa kulipa baada ya moto, hutakuwa na wa kumlalamikia.

Kijitabu cha jiko, kisome chote, hasa kurasa za bomba ambazo watu huziruka. Kikisema jiko hilo haliruhusiwi kuingia dohani ya matofali, basi haliruhusiwi, hata fundi wako awe na miaka 30 kazini.

Sasa elewa tofauti ya majiko haya mawili, maana makosa yote yanaanzia hapo. Jiko la kuni huvutwa na dohani. Moshi wa moto hupanda wenyewe na kuacha mvuto nyuma yake, kwa hiyo bomba likiwa na ufa mdogo, hewa ya chumbani ndiyo inayoingia bombani. Jiko la peleti husukuma. Lina feni inayoutoa moshi kwa nguvu, na bombani mna shinikizo, kwa hiyo ufa uleule unautema moshi chumbani. Ndiyo sababu bomba la peleti lina gasketi au linazibwa kwa silikoni ya kuhimili joto kila kiungo, na bomba la kuni halina. Tena moshi wa peleti umepoa, kwa sababu jiko limeshachukua joto lake kwa ajili ya chumba. Ukinunua bomba Ulaya, soma alama zake: N ni la dohani ya kuvuta, P ni la kustahimili shinikizo. Marekani, mabomba ya peleti hupimwa kwa kiwango cha UL 641. Bomba jeusi la jiko la kuni lililobaki stoo liache hukohuko stoo.

Halafu kuna upana, na hapa ndipo nilipokosea.

Jiko langu lilitoa moshi kwa bomba la inchi 3. Dohani ilikuwa ya matofali, na tundu lake lilikuwa la inchi 8. Ukipiga hesabu ya eneo, tundu la inchi 8 ni mara 7 ya lile la inchi 3. Mimi niliona hiyo ni heri: njia pana, moshi utapita kwa raha. Aliyeniuzia jiko aliniambia adapta inatosha, na kwamba bomba la ndani la chuma cha pua, lile mafundi wengine wanaliita laina, ni la watu wenye pesa za kuchezea. Nikafurahi kusikia hivyo. Nikachomeka adapta, kiungo nikakizungushia mkanda wa alumini, nikawasha.

Wiki mbili hakukuwa na tatizo. Wiki ya tatu kioo kikaanza kuwa cheusi kufikia jioni, wakati mwanzoni kilikaa siku tatu kabla ya kutaka kufutwa. Moto ukawa mrefu, wa rangi ya chungwa, unalegalega kama mshumaa badala ya kuchangamka. Nikalaumu peleti. Nikabadilisha mifuko mara mbili. Kisha ukuta wa chumba cha juu, pale dohani inapopita, ukatoka doa la kahawia kama chai ya rangi, lina harufu ya kuungua. Nikalipaka rangi. Ndiyo, nililipaka rangi.

Usiku mmoja, saa tisa, king'ora cha kaboni monoksaidi kikalia. Mke wangu alikuwa ameshalalamika kichwa tangu jioni, tukadhani ni mafua. Tulizima jiko, tukafungua madirisha yote, tukatoka nje na blanketi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na dalili zake za mwanzo, yaani kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, zinafanana na ugonjwa ambao kila mtu huwa nao wakati wa baridi.

Mfagiaji wa dohani alipofungua kijimlango cha chini alitoa ndoo moja na nusu ya majivu yaliyolowa, yamechanganyika na magamba meusi. Akanieleza akiwa amechuchumaa, bila hata kunitazama. Moshi uliopoa ukiingia kwenye tundu pana hupoteza mwendo. Hupoa zaidi kwenye matofali, mvuke wake ukageuka maji, na majivu mepesi yaliyokuwa yakipeperushwa na feni yakaanguka. Unyevu huo ukayabandua masizi magumu ya miaka mingi ya kuni, yakadondoka na kuziba mdomo wa adapta yangu. Feni ikawa inasukuma kwenye kizibo, na moshi ukajitafutia njia kwenye mkanda wangu wa alumini.

Laina niliyoikwepa niliinunua mwezi uleule, pamoja na plasta mpya ya ukuta. Kwa hiyo sikiliza: weka bomba la chuma cha pua kuanzia kwenye jiko hadi juu kabisa ya dohani, kipande chote, si futi tano za mwanzo kisha moshi ukajitegemee. Kwa dohani ya kawaida inchi 4 ndiyo hutumika sana. La alumini usikubali, hilo ni la vifaa vya gesi. Juu pafungwe bamba na kofia, chini pazibwe pale bomba linapoingia, ili hewa ya baridi isizunguke pembeni mwake. Dohani ikiwa imejengwa upande wa nje wa nyumba, bomba lifunikwe kwa kihami joto, la sivyo maji yatarudi. Na kabla laina haijashuka, dohani ifagiliwe hadi tofali lionekane.

Urefu nao una hesabu yake. Vijitabu vingi vya Marekani huhesabu hivi: kiwiko cha nyuzi 90 au tii (kiungo chenye umbo la herufi T) ni futi 5, kiwiko cha nyuzi 45 ni futi 3, kila futi ya bomba lililolala ni 1, na kila futi ya bomba lililosimama ni nusu. Jumla ikizidi 15, achana na inchi 3, nenda 4. Tii moja, kiwiko kimoja, futi 2 za kulala na futi 24 za kupanda ni 24 tayari, na hiyo ni nyumba ya kawaida tu ya ghorofa. Wanaoishi kwenye miinuko nao huambiwa watumie inchi 4. Kijitabu chako kikihesabu vingine, fuata chako.

Tii iwekwe mahali ambapo mkono wako unafika. Kifuniko chake cha chini ndicho utakachofungulia majivu, na kikiwa nyuma ya jiko lenye uzito wa mtu mzima, hutakifungua.

Jiko moja, njia moja. Kama ghorofa ya pili kuna jiko lingine linalotumia tundu hilohilo, la peleti halina nafasi hapo.

Kofia isiwe na wavu wa matundu madogo. Majivu huuziba.

Umeme ukikatika feni husimama, lakini peleti zilizoko kwenye chungu, yaani kikombe cha ndani ya jiko zinamowakia, huendelea kufuka. Hapa bomba linalopanda juu lina faida kuliko linalotoka ukutani, kwa sababu mvuto kidogo hubaki. Hata hivyo weka betri ya akiba, na uulize kwanza kama inveta yake inapatana na jiko lako, maana bodi za majiko haya huchagua umeme kama mtoto anavyochagua chakula. Hewa ya kuunguzia, ikiwezekana, itoke nje kwa bomba lake, hasa kama nyumba imezibwa vizuri.

King'ora cha kaboni monoksaidi kiwe kimoja karibu na jiko na kingine karibu na vyumba vya kulala. Angalia tarehe ya mwisho nyuma yake, kwani navyo huzeeka. Piga picha za kila kiungo kabla hakijafunikwa. Peleti zikae pakavu. Usimwache mtoto karibu na kioo. Majivu yatolewe jiko likiwa limepoa, yaingie ndoo ya chuma yenye mfuniko, na ndoo ikae nje, mbali na ukuta wa mbao, siku kadhaa kabla ya kumwagwa.