Waridi la Sokotra likipukutisha majani, weka ndoo chini

Mwezi uliopita, kwenye kitalu kimoja, nilibonyeza shina la waridi la jangwani la Sokotra lenye umri wa miaka 6. Gumba likazama kama kwenye papai bovu, yakatoka maji ya kahawia yenye harufu. Mwenyewe aliona majani yanadondoka, akadhani ni kiu, akamwagilia kila jioni kwa wiki 3.

Ndugu zangu, hili nimelisema mpaka sauti imekauka. Aina hii kwao ni kisiwa kimoja tu, Sokotra ya Yemen, mashariki mwa Pembe ya Afrika. Huko huota kwenye nyufa za miamba, na kiangazi hupukutisha majani na kuishi kwa maji iliyoyahifadhi kwenye shina lake nene. Mmea umelala. Mizizi iliyolala hainywi, kwa hiyo maji yako yanabaki udongoni, mizizi inaoza, na uozo unapanda shinani.

Majani yakigeuka njano kwa pamoja na shina bado gumu, acha kumwagilia siku hiyohiyo. Chungu cha upana wa sm 30 kipe robo lita mara moja tu kila wiki 4, basi. Usirudi kwenye umwagiliaji wa kawaida mpaka vichipukizi vifike sm 2. Hapo mwagilia hadi maji yatoke kwenye tundu la chini, kisha subiri. Chomeka kijiti sm 5. Kikitoka na udongo umekigandia, bado. Na kabla masika hayajaanza, vyungu viwe vimeshaingia chini ya paa. Kufunika kwa nailoni juu ya shina ni kulichemsha.

Kama uozo umeanza, kata mpaka ukute nyama nyeupe isiyo na doa, ukifuta kisu kwa spiriti kila unapokata. Paka salfa ya unga, ileile ya mikorosho. Weka kivulini siku 7, panda kwenye mchanga wa chenga sehemu 2 kwa mboji 1, halafu siku 7 nyingine bila tone la maji. Nimesema 7. Wanaopanda siku ya 3 ndio wanaonirudishia shina lilelile limeoza upya.

Vaa glavu: utomvu wake ni sumu ya moyo, na wawindaji wa Afrika Mashariki wamepaka utomvu wa ndugu zake kwenye mishale.

Ukiona maua ya pinki na shina halibonyei, umepatia.