Somo: Kuachana na Kebo Marekani Bila Kuangukia Bili Nyingine

Somo hili ni la ndugu tunaoishi Marekani, hasa wale waliofika miaka ya karibuni, wakabishiwa hodi na muuzaji mwenye fulana ya kampuni, wakatia saini mkataba wa televisheni na intaneti kwa pamoja kabla hawajajua hata basi linasimama wapi. Mimi ni mmoja wao. Naandika kutoka Dallas, mtaa wa Vickery Meadow, kwa hiyo mifano yangu mingi ni ya hapa, ingawa utaratibu wenyewe unafanya kazi katika mji wowote wa nchi hii. Ninasisitiza neno utaratibu kwa sababu wengi wanaoshindwa huanza mwisho: wanapiga simu kwa hasira, wanakata huduma, wiki mbili baadaye nyumba haina habari wala mpira, nao wanarudi kwenye kampuni ileile kwa bei kubwa zaidi.

Hatua ya kwanza: isome bili mstari kwa mstari

Bili yangu ya mwisho ya kebo ilikuwa dola 187. Kifurushi cha chaneli kilikuwa dola 70 na intaneti dola 42, yaani dola 112, na hizo ndizo nilizoahidiwa mlangoni. Dola 75 zilizobaki zilikuwa kodi ya ving'amuzi viwili, kodi ya modemu (kifaa kinachoingiza intaneti nyumbani), ada ya michezo ya mkoa, na mstari mmoja unaosomeka “Broadcast TV Fee”, ambao peke yake ulikuwa dola 26.

Mstari huo unastahili maelezo, kwa kuwa wengi hudhani ni kodi ya serikali, nao si kodi. Sheria ya kebo ya mwaka 1992 iliviruhusu vituo vya televisheni kudai malipo kutoka kwa kampuni za kebo zinazorusha matangazo yao. Vituo vikadai, madai yakapanda mwaka hadi mwaka, na kampuni nyingi zikaona ni afadhali kuyatoa malipo hayo nje ya bei ya kifurushi na kuyaweka chini kabisa ya bili, ili bei iliyoandikwa kwenye tangazo ibaki kuonekana ndogo. Mwaka 2024 tume ya mawasiliano, FCC, iliamuru kampuni za kebo na za setilaiti zitaje bei moja inayojumuisha ada hizo. Hata hivyo kutajwa hakukuzipunguza. Kinachouma zaidi ni kwamba vituo unavyovilipia kwa ada hiyo, yaani ABC, CBS, NBC na Fox, vinapita bure hewani juu ya paa lako.

Ada ya michezo nayo uichunguze. Hapa Dallas, Mavericks, timu ya mpira wa kikapu, walihama chaneli ya kulipia mwaka 2024 na kuanza kuonyeshwa hewani bure, na mwaka huohuo timu ya hoki ya barafu ya Stars ilihamia huduma ya mtandaoni ya Victory+ isiyo na malipo. Kama ulikuwa unalipa kwa ajili ya timu hizo mbili, sababu yako imekwisha.

Hatua ya pili: weka antena na uijaribu kwa wiki mbili, kebo ikiwa bado ipo

Hii ndiyo hatua yenye kazi, nami sitaipita haraka. Televisheni yoyote iliyotengenezwa kwa soko la Marekani tangu Machi 2007 ilitakiwa na sheria kuwa na kipokezi cha dijitali ndani yake, kwa hiyo huhitaji king'amuzi kama tulivyozoea Dar es Salaam au Nairobi; unachohitaji ni antena ya dola 20 hadi 40, inayonunuliwa mara moja tu.

Kabla hujainunua, ingia kwenye tovuti ya FCC, fungua ramani ya mapokezi ya televisheni, andika anwani yako, na utaonyeshwa kila kituo kinachokufikia, nguvu ya mawimbi yake na upande yanakotoka. Sisi wa Dallas tuna bahati kwamba minara karibu yote mikubwa iko Cedar Hill, kusini-magharibi mwa jiji, kwa hiyo antena inaelekezwa upande mmoja tu. Kutoka kwangu ni zaidi ya maili 20, na nilipoiweka antena nyuma ya televisheni, kwenye ukuta unaotazama kaskazini, nilipata chaneli nne zilizokatika-katika kama redio ya mbao. Nilipoihamishia dirisha la kusini nilipata chaneli nyingi kuliko ninavyoweza kuzitazama, zikiwemo Fox ya 4, NBC ya 5, CBS ya 11, PBS ya 13, ambayo ni televisheni ya umma, na Univision na Telemundo za Kihispania.

ABC peke yake ilikataa, na sababu yake ni ya kiufundi. Vituo vingi leo vinarusha kwa UHF, mawimbi mafupi ambayo antena bapa za kubandika ukutani huyapokea vizuri. WFAA, kituo cha ABC cha Dallas, bado kinarusha kwa VHF, chaneli ya 8, ambayo mawimbi yake yana urefu wa zaidi ya mita moja na nusu, na antena bapa haiyashiki sawasawa. Dawa yake ni antena ya kizamani yenye masharubu mawili ya kuvuta: vuta kila sharubu kiasi cha sentimita 40, yalaze kulia na kushoto, kisha iamuru televisheni itafute chaneli upya. Nilidharau masharubu hayo dukani kwa sababu yalinikumbusha televisheni ya marehemu babu; sasa ndiyo yaliyoko dirishani kwangu.

Mpangaji asiogope mwenye nyumba kupita kiasi. Kanuni ya FCC iliyopo tangu 1996 inamzuia mwenye nyumba kukukataza kuweka antena mahali unapopatumia peke yako, kama vile baraza yako ya ghorofani, ingawa kutoboa ukuta au kupanda paa la jengo zima ni jambo jingine.

Hatua ya tatu: itenge intaneti na televisheni

Kampuni itakuambia kwamba ukiacha televisheni, bei ya intaneti itapanda kwa kuwa punguzo la pamoja limekufa. Ni kweli, itapanda. Yangu ilitoka dola 42 hadi 65. Piga hesabu ya jumla badala ya kuangalia mstari huo mmoja.

Kisha jiulize unahitaji kasi gani. Netflix wenyewe wanapendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha angavu ya kawaida na 15 kwa picha ya 4K, maana yake nyumba yenye televisheni tatu zinazowaka kwa pamoja haifiki hata megabiti 50. Kifurushi cha gigabiti moja, yaani megabiti elfu moja, kwa familia ya namna hiyo ni sawa na kukodi lori kubeba mfuko mmoja wa unga. Tangu 2024 kampuni za intaneti zinalazimika kuonyesha lebo yenye bei halisi, ada zote, na bei itakayofuata baada ya ofa kumalizika. Iombe lebo hiyo kabla ya kukubali chochote.

Nunua modemu yako mwenyewe kutoka orodha ya zile zinazokubaliwa na kampuni yako. Niliipata kwa dola 90, na kwa kuwa kodi ilikuwa dola 15 kwa mwezi, ilijilipa ndani ya miezi sita. Sheria iliyopitishwa mwishoni mwa 2019 inakataza kampuni kukutoza kodi ya kifaa ambacho haikukupa, kwa hiyo ukiona mstari huo umerudi kwenye bili, udai uondolewe.

Hatua ya nne: piga simu, rudisha vifaa, shika risiti

Sema jambo moja tu: unaacha televisheni na unabaki na intaneti. Utahamishiwa idara ambayo kazi yake ni kukubakiza, nao watakupa bei mpya tamu; uliza itadumu miezi mingapi, na kama katika mtaa wako kuna intaneti ya nyumbani ya 5G kutoka T-Mobile au Verizon, itaje, kwa kuwa mshindani ndiye anayeshusha bei. Vifaa virudishe mwenyewe dukani na upewe risiti yenye namba za kila king'amuzi. Mimi nilidaiwa king'amuzi nilichokwisha kukirudisha, na karatasi ile ndogo ndiyo iliyoniokoa na wakusanya madeni.

Hatua ya tano: huduma za mtandaoni zipokezane zamu

Hapa ndipo akiba inapovuja. Netflix ya kutazama mtandaoni peke yake ilianza mwaka 2010 kwa dola 7.99, Januari 2025 kifurushi chake cha kawaida kisicho na matangazo kilifika 17.99. Disney+ ilizinduliwa Novemba 2019 kwa 6.99, na Oktoba 2025 kifurushi chake kisicho na matangazo kilifika 18.99. YouTube TV, ambayo ni kebo iliyovaa nguo za intaneti, ilianza 2017 kwa dola 35 na ikafika 82.99 Januari 2025. Mwenye huduma tano kwa pamoja ameijenga upya kebo yake, tena bila kujua.

Kwetu tunalipia huduma moja kwa mwezi, tunaimaliza, tunaikatisha siku ileile tuliyolipa ili isijirudie yenyewe, na mwezi unaofuata tunahamia nyingine. Katikati tuna Pluto TV na Tubi, ambazo ni bure zenye matangazo, na Kanopy, ambayo maktaba nyingi za umma huitoa kwa kadi ya maktaba.

Maswali ya wasomaji

*Shikamoo kaka. Mimi ni mama wa watoto watatu, Fort Worth. Bila chaneli za katuni nyumba haikaliki. Pia nasikia serikali inalipia intaneti ya wenye kipato kidogo, ni kweli?*

Marahaba, dada. Katuni zisikusumbue: PBS inapatikana kwa antena, na programu ya PBS Kids ni bure kwenye simu na televisheni, tena haina matangazo ya biashara. Kuhusu serikali, mpango wa dola 30 kwa mwezi uliisha Juni 1, 2024, baada ya fedha kumalizika. Uliobaki ni Lifeline, unaopunguza dola 9.25 kwa mwezi kwa nyumba moja. Anayepokea SNAP (msaada wa chakula) au Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo) anastahili kuomba. Iulize pia kampuni yako kama ina kifurushi cha kipato kidogo, kwa sababu baadhi wanacho na hawakitangazi sana.

*Ndugu mwalimu, jirani ananiuzia kisanduku cha dola 150, chaneli za dunia nzima bila malipo ya mwezi. Kwa nini nihangaike na antena?*

Usikinunue. Chaneli hizo ni za wizi, na siku mwizi akizimwa huna wa kumdai. Kubwa zaidi, Juni 2025 FBI walionya kuhusu BADBOX 2.0, programu hasidi iliyokutwa ndani ya vifaa vya namna hiyo, vingine vikiwa vimeambukizwa kabla havijafika dukani. Kifaa hicho kinakaa kwenye waifai ileile unayofungulia akaunti yako ya benki.

*Ninapanga jengo ambalo intaneti imo ndani ya kodi, nitake nisitake. Naweza kukataa?*

Kwa jumla hapana, ikiwa imeandikwa kwenye mkataba wako. FCC ilifikiria kuwapa wapangaji haki ya kujitoa, lakini wazo hilo lilifutwa Januari 2025. Soma mkataba uone kama televisheni nayo imo au ni intaneti tu, na usimlipe mtu mwingine kwa kitu ambacho tayari kimo ndani ya kodi.

*Shikamoo. Mimi mzee wa mpira na wa taarifa ya habari. Nikate kebo nikae gizani?*

Haitafika huko, mzee wangu. Ligi Kuu ya Uingereza iko mikononi mwa NBC tangu msimu wa 2013, kwa hiyo baadhi ya mechi utazipata bure kwa antena na nyingine kwa Peacock, huduma ya mtandaoni ya kulipia. Ligi ya Mabingwa iko Paramount+, nayo ni huduma ya namna hiyo. Kombe la Dunia la 2026, ambalo Arlington hapa jirani ilipewa mechi 9, haki zake ziko Fox kwa Kiingereza na Telemundo kwa Kihispania, na vituo vyote viwili vinashikwa kwa antena. Habari za Kiswahili zifungue YouTube kwenye televisheni: Citizen ya Nairobi hurusha moja kwa moja, na taarifa yao ya saa moja usiku hutufikia hapa Texas saa tano asubuhi wakati wa kiangazi, na saa nne saa zikirudishwa nyuma mwezi wa Novemba.