Nyumba Imepigwa X: Cha Kufanya Kabla Mthamini Hajafika

Hapa Tanzania, X iliyochorwa ukutani ina maana nyumba imo kwenye hifadhi ya barabara, yaani eneo lililotengwa kando yake. Kwanza tazama rangi. X nyekundu ina maana umo ndani ya hifadhi ya zamani, mita 22.5 kutoka katikati ya barabara, na kwa kawaida hapo hakuna fidia. X ya kijani ni ya walioingizwa na Sheria ya Barabara ya 2007, iliyosogeza mpaka hadi mita 30. Hao hulipwa, ila ni pale serikali itakapolihitaji eneo. Pima mwenyewe kwa futi kamba ukianzia katikati, si ukingoni mwa lami. Wengi hukosea hapo. Vipimo hivi ni vya barabara kuu na za mkoa, zilizo chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za mitaani ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na upana wake hutofautiana, kaulize ofisini kwao.

Ukiwa kwenye nyekundu, swali ni moja: umeifuata barabara, au barabara ndiyo imekufuata? Kama ukoo ulikuwepo kwanza, tafuta ushahidi wa kudai fidia: makaburi, hati, risiti za kodi za zamani, majirani wazee.

Siku ya uthamini usimwachie mpangaji. Mthamini, anayekadiria thamani ya mali yako, huandika anachoonyeshwa, kwa hiyo mpeleke hadi kwenye kisima, shimo la choo, uzio, na kila mti. Piga picha. Soma fomu kabla ya kuweka sahihi au dole gumba, kisha dai nakala. Jina lilingane na la kitambulisho na la akaunti ya benki; herufi moja tu hukwamisha malipo. Chumba utakachoongeza baadaye hakihesabiwi.

Fidia si thamani ya ardhi na jengo tu. Kuna posho ya usumbufu, ya usafiri (tani 12 za mizigo, ndani ya kilomita 20), ya makazi, ambayo ni kodi ya pango ya mwezi mara 36, na faida inayopotea: faida halisi ya mwezi mara 36. Duka linalobakiza 400,000 kwa mwezi linafika 14,400,000. Lakini hiyo inataka hesabu, leseni na risiti, na wenye magenge na mama ntilie wengi hutoka mikono mitupu kwa sababu biashara yao iko kichwani. Anza daftari leo. Kiwanja kitupu hakipati posho ya usafiri, makazi wala faida.

Malipo yakipita miezi 6 tangu uthamini uidhinishwe, dai riba. Ikipita miaka 2, uthamini umekufa, waandikie wafanye upya.

Aliyebaki nje ya X asijione amepona. Vumbi na wateja waliokimbilia njia ya mchepuko havina fidia. Kibaya zaidi ni kimo: kabla kifusi hakijamwagwa, muulize mhandisi barabara itapanda kiasi gani juu ya kizingiti chako, na mtaro utavukwa wapi. Tabaka zikishashindiliwa, ngazi na tuta la kuzuia maji ya masika utajenga kwa hela yako.